Kuhamishia picha za wino wa sablimesheni kwenye pamba kwa kutumia filamu: mwongozo kamili kutoka Bagamoyo

Fulana ya pamba ukiichapa moja kwa moja kwa wino wa sablimesheni, ule unaogeuka mvuke kwa joto na kuingia kwenye poliesta, siku ya kwanza inapendeza. Ikiingia kwenye beseni, maji yanageuka rangi na picha inabaki kivuli. Nililiona hili mwaka wangu wa kwanza wa kazi, nilipowachapia fulana 12 vijana wa kikundi cha ngoma waliokuwa wakijiandaa na tamasha hapa Bagamoyo. Walizivaa mazoezini, wakazifua, wakanirudishia. Mama wa mmoja wao alinitandikia fulana mezani, hakunigombeza, akauliza tu: "Mwanangu, hii nayo ni rangi?" Nilirudisha pesa za watu wote, nikaanza kujifunza upya.

Njia ninayoieleza hapa ni ya kupitisha picha kwenye filamu na unga wa gundi. Inamfaa mtu mwenye printa ya sablimesheni tayari, ambaye hana uwezo wa kununua mashine kamili ya DTF (ile inayochapa kwenye filamu kwa wino wake, pamoja na mweupe), na ambaye wateja wake wanataka pamba. Huku pwani wanaitaka kweli. Mtu anayepiga ngoma au anayetembeza watalii Kaole saa saba mchana humvishi poliesta akakushukuru.

Kwa nini pamba inaikataa rangi

Rangi iliyomo kwenye wino wa sablimesheni, ikipata joto la nyuzi 190 hadi 200 za Selsiasi, inageuka mvuke bila kwanza kuwa maji. Kwa joto hilohilo poliesta inalegea, mvuke unapenya ndani yake, na ikipoa rangi inabaki imefungiwa humo. Ndiyo maana jezi ya mpira ya poliesta iliyochapwa vizuri haipauki kwa kufuliwa. Pamba haina tabia hiyo. Ukiipasha moto hailegei, inaungua. Rangi inakaa juu juu kama vumbi, na sabuni inaiondoa.

Filamu na unga havibadilishi tabia ya pamba hata kidogo. Unga ni plastiki inayoyeyuka kwa joto dogo. Unashika wino ulio kwenye filamu, unayeyuka, kisha unaganda kwenye kitambaa ukiwa na rangi yake. Kwa hiyo pamba hujaitia rangi, umeivalisha ngozi nyembamba ya plastiki yenye picha. Likumbuke hili katika kila hatua, kwa sababu karibu makosa yote yanatokana na kulisahau: watu wanaongeza joto wakidhani rangi itapenya, kumbe wanaiharibu ngozi.

Vitu vya kuwa navyo

Printa iwe ya kusukuma wino kwa mtetemo, si ya kuuchemsha. Epson za matenki ndizo watu wengi wanazigeuza kuwa za sablimesheni. Ikishaingia wino huo, usiitumie tena kwa wino wa kawaida.

Nunua filamu ya DTF ya karatasi za A4, si ya rola. Unga wa gundi uwe mweupe, wa chembe za wastani. Ule mwembamba sana unarukaruka na kushika pasipotakiwa, na ule mnene unaacha mchoro mgumu kifuani. Uwe na hitipresi ya bapa (mashine ya kubana kitambaa kwa joto), karatasi za kuokea mikate au kitambaa cha tefloni, brashi laini ya kupakia poda usoni, trei pana, barakoa, na kipimajoto cha kulenga kwa mwanga kama unaweza kukipata. Hitipresi nyingi za bei nafuu zinaonyesha 160 kwenye kioo huku kona moja iko chini zaidi, na hutajua mpaka upime katikati na kona zote nne.

Kagua kitambaa kwanza

Usiamini lebo. Fulana nyingi za dukani zimeandikwa pamba tupu, na zimechanganywa. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, uushike kwa kibanio, uuwashe kwa kiberiti mbali na kitambaa. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi iliyoungua, na majivu yake ukiyasugua kwa vidole yanapotea. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha kipunje kigumu cheusi kisichosagika. Mchanganyiko unakupa vyote viwili: majivu na vipunje. Kama ni poliesta nyeupe, acha filamu kabisa, chapa sablimesheni ya kawaida. Utaokoa unga na mteja atapata kitu kizuri zaidi.

Kitambaa kipya kifue kabla ya kukichapa. Kanga ndiyo inayohitaji hili kuliko vyote. Ikitoka dukani imekakamaa kwa dawa ya kiwandani, na gundi inashika ile dawa badala ya kushika uzi. Akina mama wanaponiletea doti za kuandika jina la bibi harusi pembeni, nawaomba wazifue mara moja bila dawa ya kulainishia, zikauke kabisa.

Kitambaa ninachokipenda kuliko vyote kwa kazi hii ni marekani, ile pamba ghafi ya kushonea mikoba. Kinakaa bapa, hakivutiki, na gundi inashika ajabu. Jina lake lina historia katika mji huu: katika karne ya 19 kitambaa hicho kilitoka Marekani kwa meli hadi Unguja, kikavushwa mpaka Bagamoyo, na misafara ikakibeba kwenda bara kama pesa. Sasa tunakichapia picha za milango na kuwauzia wageni wanaotoka Marekani hukohuko.

Tayarisha mchoro

Printa yako haina wino mweupe. Kila penye weupe kwenye picha patabaki rangi ya kitambaa, na rangi nyingine zote zitachanganyika nacho. Bluu juu ya fulana ya njano inakwenda kwenye kijani. Kwa hiyo fanya kazi na nyeupe, maziwa, kijivu hafifu, au rangi ya marekani yenyewe.

Jambo la pili linawaponza hata wachoraji wazuri. Unga unashika pale penye wino wa kutosha tu. Kivuli laini kinachofifia polepole, unachokiona kwenye kompyuta, kwenye filamu kina wino kidogo mno, unga haukai, na sehemu hiyo inabanduka. Badilisha vivuli viwe vitone, ambapo kila kitone kina rangi kamili. Mistari isiwe myembamba kuliko milimita 1.

Nilijifunza hili kwenye mlango. Niliupiga picha mlango wa nakshi hapa Mji Mkongwe, wenye mnyororo pembeni na maua ya yungiyungi, nikaupeleka kwenye filamu kama ulivyo. Maua yalikaa. Mnyororo wote ulibanduka na filamu, kwa sababu pete zake kwenye karatasi ya A4 zilikuwa nyembamba kama unywele. Nilikaa jioni nzima nikichora upya ule mnyororo kwa mkono, pete moja kwa kila pete tatu za asili, nene. Huo mchoro ndio ninaouuza mpaka leo.

Epuka pia bonge kubwa la rangi lisilo na nafasi. Kipande cha sentimita 25 kwa 25 kilichojaa kinaziba kifua kama nailoni, na kwenye joto letu mtu anatota jasho chini yake. Toboa mchoro, acha kitambaa kipumue katikati ya rangi.

Mwisho geuza picha kushoto-kulia, kama unavyoiona kwenye kioo. Filamu utaifudikiza, na maandishi yatasomeka sawa upande wa pili.

Kuchapa kwenye filamu

Filamu ina upande mmoja wenye dawa ya kushika wino. Utautambua kwa kulowesha ncha ya kidole na kugusa kona: upande wenye dawa unanata. Huo ndio wa kuchapia. Ukichapa upande mwingine, wino unakimbia kama maji juu ya sahani.

Printa nyingi za nyumbani hazioni filamu angavu, zinasema hakuna karatasi. Bandika ukanda mwembamba wa karatasi nyeupe nyuma ya ukingo unaoingia kwanza, kwa gundi ya karatasi. Ingiza karatasi moja moja. Kwenye mipangilio chagua karatasi isiyong'aa na ubora wa kati hadi juu, kisha chapa kipande cha majaribio. Wino ukisimama kama vidimbwi na kutiririka, punguza. Ukionekana mkavu mara tu unapotoka, ongeza. Unachotafuta ni wino uliolowa sawasawa, unaong'aa kidogo ukiinamisha filamu kwenye mwanga, lakini hautembei.

Usishangae rangi zikiwa zimefifia. Wino wa sablimesheni ndivyo ulivyo mpaka upate joto. Nyeusi kwenye filamu inaonekana kama kijivu cha kahawia.

Unga: hatua inayoamua kila kitu

Weka filamu kwenye trei, wino juu. Vaa barakoa, zima feni. Mwaga unga mwingi upande mmoja, kisha inamisha trei polepole, unga utelezeke juu ya picha yote, rudi, nenda tena kwa upande mwingine. Usinyunyizie kama chumvi, maana utaacha madoa yasiyo na gundi. Picha yote ikishafunikwa, simamisha filamu wima juu ya trei, igonge kwa kidole upande wa nyuma mara kadhaa. Unga uliozidi unaanguka, unabaki ule ulioshikwa na wino.

Sasa itazame kwa karibu chini ya taa. Picha inatakiwa ionekane imeingia ukungu mweupe, kama kashata iliyopakwa sukari ya unga, kila sehemu sawa. Unga uliobaki kwenye maeneo matupu uondoe kwa brashi laini, bila kugusa picha. Chembe moja ukiiacha itakuwa doa linalong'aa kwenye fulana.

Hapa ndipo hewa ya bahari inapotusumbua. Bagamoyo unyevu ni mwingi, na wakati wa masika unga unashikana mabonge, na ile dawa ya filamu inavuta maji na kunata hata pasipo wino. Matokeo yake unga unaganda kila mahali. Dawa yake ni hii: filamu zikae kwenye mfuko uliofungwa, pamoja na vile vifuko vya chembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Unga ukae kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana. Toa kiasi cha kazi ya sasa tu. Siku za mvua kubwa mimi nachapa kuanzia saa nne asubuhi, chumba kikishapata joto. Unga ulioingia unyevu uchekeche kwa chujio la chai, na ukiwa umeshikana kabisa, uache.

Usichelewe kati ya kuchapa na kumwaga unga. Dakika chache zinatosha wino kuanza kukauka pembeni, na pembeni ndipo mchoro unapoanzia kubanduka.

Kuyeyusha unga

Mashine kubwa zina oveni yake. Wewe utatumia hitipresi. Weka filamu juu ya bapa la chini, unga ukitazama juu, kisha shusha bapa la juu libaki likielea, nafasi ya kama sentimita 1, bila kugusa. Kama mashine yako haishiki hapo katikati, weka vipande vya mbao vya unene sawa kwenye kona nne.

Joto kwenye unga liwe karibu nyuzi 120. Kwa kuwa bapa linaelea, namba kwenye kioo itabidi iwe juu zaidi. Mimi naanza na 150 na kupima. Subiri dakika 2 hadi 4, na macho yako ndiyo saa. Kwanza unga ni mkavu kama sukari. Kisha kingo zinaanza kulowa. Kisha chembe zinaungana, uso unang'aa, na ukiutazama kwa pembeni una vijibonde vidogo kama ganda la chungwa. Hapo toa. Kukiwa bado na chembe kavu, gundi haitashika. Ukiiacha mpaka uso uwe laini kama kioo na moshi uanze, rangi imeshaanza kutoka na kuhamia usipoitaka.

Fungua madirisha, maana ile harufu si ya kuvuta siku nzima. Na usitumie oveni ya jikoni ambayo kesho itaokea mkate wa watoto.

Umeme ukikatika katikati ya hatua hii, na hukatika, acha filamu ilipo mpaka ipoe, usiiguse. Umeme ukirudi, pasha upya mpaka dalili zile zionekane. Filamu iliyokamilika unaweza kuihifadhi bapa kwenye mfuko uliofungwa na kuipiga kwenye fulana siku nyingine. Mimi hutayarisha filamu za wiki siku moja.

Kupiga kwenye kitambaa

Weka hitipresi nyuzi 150 hadi 160. Tandika fulana, ibane tupu kwa sekunde 10 kutoa unyevu na mikunjo. Usiruke hatua hii. Pamba iliyoanikwa huku pwani ina maji hata kama mkononi inaonekana kavu, na mvuke wake unainua gundi.

Fudikiza filamu, picha ikigusa kitambaa. Kupata katikati, kunja fulana kwa urefu, pitisha pasi kwenye mkunjo, fungua, ule mstari ndio kati yako. Ukingo wa juu wa mchoro uwe vidole vinne chini ya shingo kwa mtu mzima. Weka karatasi ya kuokea juu, bana kwa sekunde 15 kwa mkandamizo wa kutosha, yaani ukifunga mkono wa mashine usikie uzito, lakini usihitaji kuuning'inia.

Fungua. Usibandue! Filamu nyingi zinataka kupoa kabisa, mpaka ukiweka mgongo wa mkono usisikie joto. Zipo za kubandua moto, soma pakiti yako. Bandua kutoka kona moja, filamu ikilala karibu kabisa na kitambaa, taratibu. Sehemu ikibaki kwenye filamu, irudishe chini palepale, bana tena sekunde 10, subiri ipoe tena.

Kisha weka karatasi mpya ya kuokea na bana mara ya mwisho, sekunde 10. Hii ndiyo inayoingiza gundi kwenye uzi na kuondoa ule mng'ao wa plastiki. Karatasi iliyotumika itupe, maana ina rangi iliyopanda juu yake, na ukiitumia kwenye fulana inayofuata utaiona sura ya mchoro wa jana begani.

Usizidishe joto kufika 190 kwa mazoea ya poliesta. Rangi itageuka mvuke, itaiacha gundi, na kingo za maandishi zitakuwa na ukungu.

Fulana nyeusi

Njia hii haizifai. Ukiandika jina jekundu kwenye fulana nyeusi kwa wino usio na weupe chini yake, hutaona kitu. Kwa oda hizo kata kipande cha vinaili nyeupe inayopokea sablimesheni, chapa rangi juu yake, kisha uibandike kwa joto linalosemwa na mtengenezaji wake. Kazi ikiwa nyingi, peleka mchoro kwa mwenye mashine kamili ya DTF Dar es Salaam, safari ya kilomita 70 hivi, urudi na filamu zilizo tayari upige mwenyewe. Ni kazi halali, na mteja anapata anachokitaka.

Ikiharibika, tazama hapa

Mchoro wote unabanduka: unga haukuyeyuka vya kutosha, au bapa la mashine halina joto unalodhani. Pima kona.

Kingo tu zinainuka: wino ulikauka kabla ya unga, au mshono wa fulana uliinua bapa. Weka sponji au taulo lililokunjwa ndani ya fulana, chini ya sehemu ya mchoro, mishono ibaki nje yake.

Inapasuka ukiivuta: mara nyingi ni unga uliozidi au gundi ambayo haikuiva. Nyoosha kitambaa cha majaribio kwa mikono miwili kabla ya kuchapa oda nzima. Ngozi nzuri inavutika na kurudi.

Mistari myeupe inapita kwenye rangi: matundu ya printa ya kutolea wino yameziba. Chapa ukurasa wa kukagua, safisha mara moja au mbili, kisha iache printa ipumzike. Ukiisafisha mara kumi mfululizo unamwaga wino tu. Printa ya sablimesheni haipendi kukaa bila kazi, chapa kipande chenye rangi zote angalau kila baada ya siku mbili.

Kabla ya kumkabidhi mteja

Chapa kipande kimoja cha oda, subiri saa 24, kifue mara tatu kwa mkono, ndipo uendelee na vingine. Hesabu ya bei iingize filamu, wino, unga, umeme, kitambaa, na vile vipande viwili vitatu vitakavyoharibika, kwa sababu vitaharibika.

Mteja umwambie wazi kuwa huu ni mchoro uliobandikwa juu ya pamba, na kwamba hautaishi kama rangi iliyoingia ndani ya poliesta. Mimi namwandikia kwenye kikaratasi ninachokiweka ndani ya mfuko: subiri siku moja kabla ya kufua, geuza ndani nje, maji baridi, sabuni ya kawaida, jiki hapana, usisugue kwa brashi palipochapwa, anika kivulini ikiwa imegeuzwa. Pasi ipite upande wa ndani tu. Hapo kwenye pasi huwa nasema kwa mdomo pia, hasa kwa anayetumia pasi ya mkaa, maana ile haina kipimo cha joto, na ikigusa mchoro mara moja inaondoka nao.